Saini ya Kafili

Pasipoti ya kwanza ya mke wangu ninayo mimi hadi leo. Imo katika sanduku la bati nililotoka nalo Tabora, chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki. Jalada lake limechubuka na kona moja imeliwa na mende. Katika ukurasa mmoja kuna muhuri wa wino wa zambarau, na ndani ya muhuri huo afisa alijaza kwa mkono, kwa Kiarabu, mistari mitatu. Kwa mistari hiyo mitatu nikawa kafili wa mke wangu.

Omani hakuna asiyelijua neno kafili. Mgeni haingii nchini mpaka awe na mtu wa kumdhamini, na mtu huyo ndiye kafili wake. Fundi cherehani wa Kihindi ana wake, mpishi wa hoteli ana wake. Mgeni akitaka kubadilisha kazi, kafili ndiye anayeulizwa. Akitaka kusafiri, kafili ndiye anayetia saini. Mke aliyetoka nchi nyingine kafili wake ni mumewe. Ndivyo ilivyokuwa sheria, na mtu mwenye akili timamu angeweza kuishi nayo vizuri tu. Mimi wakati ule akili nilikuwa nayo, ila kama ilikuwa timamu sina hakika.

Nilizaliwa Tabora. Baba yangu alitoka Ibra akiwa kijana akaenda kufungua duka, na mama yangu alikuwa Mnyamwezi. Nilipokwenda Omani, katikati ya miaka ya sabini, sikuwa na cha kunitambulisha ila majina ya mababu zangu na pua yangu. Mzee mmoja wa Ibra aliyemjua babu alinikalisha mbele yake, akanitazama usoni kwa muda mrefu kama anayenunua mbuzi, akasema pua ni yao, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Kwa pua hiyo nikapata uraia. Mitaani wakaniita Zinjibari, kama walivyotuita sote tuliotoka Afrika, ingawa mimi Unguja nilikuwa sijawahi kukanyaga. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma bila kuelewa. Watoto wa shule walinicheka nikinunua nyanya.

Nayasema haya si kwa kujitetea. Nataka ijulikane tu kwamba mpaka siku ile nilikuwa mtu wa kudhaminiwa. Sikuwahi kuona karatasi ya serikali, mahali popote, iliyosema kwamba mtu mwingine yuko chini ya dhamana yangu mimi.

Kwa Kiingereza changu nilipata kazi ya kusimamia bohari ya vifaa vya barabara huko Nizwa. Nyumbani kwangu hasa palikuwa Ibra, kwa shangazi yangu, dada yake baba, mjane aliyekaa Unguja mjini miaka mingi na kurudi na Kiswahili chake kizima kama alivyoondoka nacho. Kila Jumatano alasiri nilipanda teksi ya Nizwa mpaka Bidbid, nikashuka pale njia inapogawanyika, nikanywa chai, nikapanda nyingine ya Ibra. Ijumaa jioni nikarudi kwa njia hiyo hiyo. Mke wangu alikuwa bado Tabora. Tulikuwa tumeoana miaka miwili tu nilipomwacha. Alikuwa mkunga wa hospitali, mwenye cheti na saa ya kubandika kifuani, na visa yake ilichukua karibu miaka mitatu kutoka.

Ilipotoka sikulala siku mbili kwa furaha. Nilimpokea uwanja wa ndege na teksi ya kukodi, na dereva alikuwa mzee wa Ibra. Tulipofika Bidbid tuliteremka kunywa chai. Mke wangu alitoa pasipoti kwenye mkoba, akaiweka mezani, akaniuliza, "Wameandika nini humu?"

Sikutaka kuonyesha kwamba sijui. Nikamsogezea dereva nikisema sina miwani, na miwani sikuwa nayo maishani mwangu. Mzee akaishika mbali na uso, akasoma, nami nikafasiri. Mstari wa kwanza: mke, anaungana na mumewe. Wa pili: haruhusiwi kufanya kazi. Wa tatu ulikuwa mdogo na wino wake umetapakaa, mzee akaachana nao.

Mke wangu alicheka. "Basi nimekuja kula na kulala." Kisha akachovya mkate kwenye chai. "Haruhusiwi kabisa, au haruhusiwi mpaka?"

"Mpaka nini?"

"Kila 'haruhusiwi' ina mpaka wake. Mama mwenye presha haruhusiwi kutoka kitandani mpaka ishuke. Utaniulizia?"

Nikamwambia nitamuulizia. Nilimpenda sana pale, na unga wa mkate kwenye kidole chake.

Shangazi alimpenda kuliko nilivyotarajia. Mke wangu alipiga goti mlangoni akasema, "Shikamoo, shangazi," na yule mzee, aliyekuwa hajaamkiwa hivyo na kijana kwa muda mrefu, alimshika mikono yote miwili. "Marahaba, mwanangu, marahaba! Karibu kwenu. Njoo n'kuone. Mashallah, kumbe huyu mjinga kaowa mtu." Tangu siku hiyo wakawa kitu kimoja. Walipika pamoja, walifua pamoja kwenye falaji, ule mfereji wa maji wa mtaa, na walinisema pamoja nikiwa Nizwa.

Sare yake nyeupe alikuja nayo. Kila mwisho wa mwezi aliifua na kuipiga pasi, akaitundika nyuma ya mlango, ingawa hakuwa na pa kuivaa. Nilipomuuliza kwa nini anaipiga pasi nguo isiyovaliwa alisema kitambaa kikiachwa sana kinashika manjano.

Mwezi wa tatu tangu aje, binti wa jirani alishikwa na uchungu mchana wa Alhamisi na mtoto hakutaka kutoka. Wanawake walikuwa wamekaa naye tangu alfajiri. Mke wangu aliitwa tu kwa sababu shangazi alipiga kelele kwamba nyumbani kuna mtu aliyesomea mambo hayo na nyinyi mnakaa mnachoma ubani. Nilimwona akivuka uwanja anakimbia, saa yake kifuani juu ya kanga. Tulimpakia yule binti nyuma ya gari la mizigo kwenda hospitali, na mtoto alizaliwa njiani, mikononi mwake, akiwa hai na sauti ya kutosha kijiji kizima.

Pale hospitalini muuguzi mkuu alitupokea mlangoni. Alikuwa mwanamke wa watu waliorudi kama sisi, aliyesomea Dar es Salaam. Alimtazama mtoto, akatazama kitovu kilivyofungwa, akamuuliza mke wangu kwa Kiswahili, "Dada, wewe umesomea wapi?" Kabla hatujaondoka alikwishamwambia anamtaka wodi ya wazazi. Wauguzi wake wengi wametoka India, wazuri sana, lakini bibi wa Ibra aliyezeeka Unguja akishikwa na maumivu hulia kwa Kiswahili, na hakuna wa kumjibu. Kilichobaki ni karatasi. Mumeo aende ofisi ya uhamiaji akaulize, sisi tuko tayari.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mke wangu alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Sare alikwishaitoa nyuma ya mlango kabla hajavua viatu.

Jumamosi nilikwenda ofisini na pasipoti yake, hapo Nizwa. Afisa alikuwa kijana mpole, akaniagizia kahawa. Alinieleza polepole, kwa sababu alikiona Kiarabu changu kilivyo. Jambo linawezekana, na si gumu. Mke ataondoka kwenye dhamana yangu, aingie dhamana ya hospitali. Hospitali ndiyo itakuwa kafili wake. Atapata mshahara, na likizo kila mwaka, na tikiti ya kwenda kwao na kurudi. Wanachohitaji ni saini yangu ya kumwachia. Kisha, bila mimi kumuuliza, akaweka kidole kwenye ule mstari wa tatu uliotapakaa wino, akanisomea. Hata akibaki mke wa nyumbani, alisema, anaweza kusafiri wakati wowote apendao. Barua moja ya kafili, na arudi kabla ya miezi sita. "Saini moja, ya akhi, dakika tano."

Nilimshukuru, nikachukua fomu, nikatoka. Mpaka mlangoni nilikuwa na nia ya kuitia saini, naapa.

Jioni nilikaa na wanaume wa mtaa wetu wa Ibra waliofanya kazi Nizwa kama mimi, tuliozoea kunywa nao kahawa, kwenye sabla, chumba chao cha mazungumzo. Nikauliza kama vile nauliza habari za mtu mwingine. Je, mtu anaweza kuiachia dhamana ya mkewe? Mmoja wao, mcheshi wa kikao, akaweka kikombe chini. "Mwenye duka humwachia Mhindi wake," alisema. "Mke naye huachiwa? Basi awe na kafili mwengine, na usiku arudi kwa nani?"

Walicheka mpaka wakapaliwa. Nami nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wote. Naamini hata hawakukusudia ubaya, na kesho yake hakuna aliyekumbuka. Mimi ndiye niliyekwenda na kicheko kile chumbani kwangu nikalala nacho. Nikajiona nimekaa tena mbele ya yule mzee anipime pua. Nikasema moyoni, karatasi moja tu inayonitaja kuwa mwenye kitu, na hiyo nayo niitoe?

Jumatano nikapita hospitalini nikamwambia muuguzi mkuu kwamba sitatia saini. Sikumpa sababu. Alisema, "Haya, baba, mke ni wako," akarudi kwenye kazi zake. Kisha nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu, "Wamekataa."

"Wamesema kwa nini?"

"Ule muhuri."

"Hauna mpaka wowote?"

"Hauna."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa hospitali, na watu wa hospitali wakiambiwa sheria huiamini. Alikunja sare, akaifunga ndani ya kanga kuukuu, akaiweka juu ya kabati. Shangazi alikuwa akichambua mchele, na hakuinua macho. "Wamekataa wao," aliniuliza baadaye tulipobaki wawili, "ama umekataa weye?" Nikampigia kelele. Mzee wa umri ule, dada wa baba yangu, nikampigia kelele kwamba mambo ya nyumba yangu hayamhusu. Aliendelea kuchambua mchele.

Miezi miwili baadaye ikaja barua kutoka Tabora. Aliiandika mdogo wake mke wangu kwa sababu mama yao hakujua kuandika. Mama anaumwa tumbo, amekonda, amepelekwa hospitali na kurudishwa. Anamuulizia sana dada. Kama inawezekana dada aje amwone.

Alinipa barua niisome mwenyewe. Alikuwa amekwisha kulia, macho yamevimba, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Niulizie safari," alisema. "Siendi kukaa. Mwezi mmoja tu."

Hapa ndipo ninaposhindwa kujisamehe. Lile la kazi ni ujinga, na wanaume wengi ni wajinga. La safari nililijua. Nilikuwa nimesomewa mstari wenyewe, kidole cha afisa juu yake. Lakini nilikuwa na hofu niliyoona aibu kuitaja. Nilijua kwamba kule Tabora walimwambia nafasi yake iko palepale. Nilimwona anashuka ndege, anamuuguza mama yake, anapita hospitalini kusalimia, anavaa sare yake, na mimi nimebaki Ibra na shangazi na sanduku la bati. Nikamjibu bila hata kujiandaa. "Visa yako bado changa. Ukitoka kabla ya mwaka kwisha, inakufa. Itabidi tuanze upya, miaka mitatu mingine."

Alikaa chini kwenye mkeka. "Mwaka mzima?"

"Mwaka."

Akahesabu kwa vidole. Ilibaki miezi saba.

Alimwandikia mdogo wake siku ileile, na barua akanipa mimi niipeleke posta. Nilijua ndani yake mna uongo wangu umeandikwa kwa mkono wake, nami nikaubandika stempu. Jibu lilichukua mwezi na nusu. Mdogo wake aliandika kwamba amemsomea mama, na mama amesema sheria za watu ziheshimiwe. Mwambieni mwanangu asihangaike. Nitamngoja.

Kulikuwa na kalenda ya ukutani tuliyopewa na mwenye duka wa sokoni, yenye picha ya ngome. Mke wangu alianza kukata siku kwa penseli, moja moja, kila baada ya sala ya alfajiri. Nilikuwa nikirudi Jumatano nakuta nyingine saba zimekatwa. Hakulalamika. Laiti angelalamika, nadhani ningesema. Alipika, alicheka na shangazi, alikwenda kuwaangalia wajawazito wa jirani kwa siri bila kuchukua chochote, na kila barua iliyoondoka alimkumbusha mama yake idadi ya miezi iliyobaki.

Mara moja ilikaribia kujulikana. Kazini walinituma Sur kupeleka vifaa, barabara ilikuwa bado vumbi tupu sehemu kubwa, nikamchukua ili apunguze mawazo. Tulipumzika kwa familia moja ya wafanyabiashara. Mama wa nyumba ile alizungumza Kiswahili kama shangazi, akamsimulia mke wangu kwamba yeye huenda Mombasa kila mwaka kwa dada yake, wala hapati taabu yoyote. "Weye huendi kwenu?" alimuuliza.

"Visa yangu haijafika mwaka," alijibu mke wangu.

Yule mama akanitazama mimi. Nikajishughulisha na kamba za mizigo. Njiani nilingoja aniulize, nikajiandaa kusema kweli, wallahi nilijiandaa. Alichosema ni, "Yule ana pasipoti ya hapa, lazima iwe rahisi kwake." Kisha akalala, kichwa chake kwenye bega langu, gari likiturusha mashimoni mpaka Ibra.

Mwezi wa kumi tangu aje ikaja barua fupi. Mama hali chakula. Dada ajitahidi.

Safari hii hakuniomba chochote. Alisema tu, "Miwili imebaki," akaenda jikoni. Nikamwona amesimama mbele ya jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Jumamosi nilikuwa wa kwanza kwenye mlango wa ofisi ya uhamiaji. Yule kijana alikuwa bado yupo. Niliandika barua ya ruhusa, nikatia saini, akagonga muhuri, akaandika tarehe. Dakika tano, kama alivyosema. Niliikunja nikaiweka mfuko wa kifuani wa kanzu, nikahisi nimetua mzigo. Nikapanga namna ya kumwambia: kwamba nimewabembeleza, kwamba wamemhurumia. Ndiyo, hata pale bado nilikuwa nataka nishukuriwe.

Na ile karatasi ningeweza kuipeleka siku ileile. Teksi zilikuwapo. Lakini siku yangu ya kwenda Ibra ilikuwa Jumatano, na bohari ilikuwa inapokea mizigo, nikasema siku nne si kitu.

Jumatano nilikunywa chai Bidbid nikiwa na furaha. Nilinunua hata halwa. Nilipofika kwa shangazi niliona viatu vya kike vimejaa mlangoni, jozi kwa jozi, na kutoka ndani sauti ya wanawake wanasoma Yasini. Nikadhani shangazi. Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilimwomba iwe shangazi.

Simu ya maandishi ilifika Jumanne asubuhi. Mama alikuwa amezikwa Jumatatu.

Wanaume wa mtaa walinikalisha nje, wakanipa pole, hata yule mcheshi alikuja na kunishika mkono kwa mikono miwili. Karatasi ilikuwa kifuani mwangu muda wote. Nilikuwa kila nikiinama kumsalimia mtu naisikia inakwaruza.

Siku ya tatu, matanga yanakwisha, alikuja muuguzi mkuu. Alipokuwa anaondoka mke wangu alimsindikiza mpaka uwanjani, akanikuta nimesimama hapo. Yule mama hakuwa na nia mbaya, nami sijawahi kumlaumu. Alinipa mkono wa pole, kisha akasema, "Baba, nafasi bado iko. Tulisikitika uliposema hutatia saini, lakini hatukukata tamaa. Na angekuwa kwetu, maskini, hata likizo na tikiti angekuwa nazo, angewahi."

Akaaga, akaingia kwenye gari. Mke wangu hakunitazama. Alisimama akiangalia vumbi la gari mpaka likatulia, akarudi ndani kwa wageni wake, na sauti yake niliisikia ikiwaambia karibuni kahawa.

Asubuhi ya kesho yake, wageni wameondoka, alikuja nilipokaa. Shangazi alikuwa jikoni na mlango wazi, wala sikuomba ufungwe.

"La kazi nimelisikia," alisema. "La safari je?"

Nilitoa karatasi mfukoni nikampa. Ilikuwa imelegea kwa jasho. Kiarabu hakujua, lakini tarakimu alikwishajifunza sokoni, akaitafuta tarehe kwa kidole mpaka akaiona.

"Jumamosi," alisema.

"Jumamosi."

"Na hii ingeweza kutoka tangu lini?"

Nilitaka kusema mengi. Nilisema, "Tangu siku uliyoshuka ndege."

Nilingoja kelele. Nilizitamani. Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile ya awali. "Mama alisema ataningoja," alisema. "Alikuwa mtu akisema neno hashindwi nalo. Atakuwa ameona aibu kushindwa." Hapo ndipo alipolia, si kwa ajili yangu hata kidogo, na shangazi alitoka jikoni akamchukua akaingia naye ndani. Mimi sikuitwa.

Jioni alinipa fomu ya hospitali. Nilidhani niliitupa, kumbe shangazi aliiokota siku nyingi akaihifadhi ndani ya msahafu wake. Nikatia saini. Wiki iliyofuata nikampeleka uwanja wa ndege na ile barua ya ruhusa, iliyokuwa bado inafaa kwa kila kitu isipokuwa kile ilichoandikiwa. Njiani hatukusimama Bidbid.

Nilijua harudi, na nilijua sina haki ya kudai arudi. Kalenda ilikuwa bado ukutani, siku za mwisho hazikukatwa. Sikuzikata. Shangazi alinipikia na kunipakulia bila kunisemesha zaidi ya lazima. Mke wangu hakuniandikia barua hata moja. Mwezi wa tano ulipokwisha muuguzi mkuu alinipigia simu kule bohari, akaniambia ndege ya lini.

Alitoka akiwa amevaa nyeusi, amekonda, na sanduku dogo kuliko aliloondoka nalo. Nilimpokea mzigo. Nikamwambia, kama mpumbavu, "Umerudi."

"Nimekuja kazini," alisema.

Na kazini alikwenda. Sare ilitoka kwenye kanga ikiwa imeshika manjano begani, akailoweka, haikutoka, akashona nyingine. Sikusikia tena mtu yeyote akiniuliza usiku anarudi kwa nani. Wake za wale wale niliokuwa nikinywa nao kahawa ndio waliozaa mikononi mwake, na wanaume wao wakituona njiani walimsalimia yeye kwanza. Tuliendelea kuishi nyumba moja. Alinipikia, aliniuguza nilipougua, na shangazi alipofariki tulimlilia pamoja. Hajapata kulirudia lile jambo kwa maneno.

Ila ulipotimia mwaka wake wa kwanza hospitalini, alikuja na fomu ya likizo. Tikiti ya Tabora alikwishapewa. Aliiweka mbele yangu mezani, akaweka na kalamu juu yake, akasimama.

Niliisoma. Mahali pa kafili palikuwa na muhuri wa hospitali. "Hii haihitaji saini yangu," nilimwambia. "Huhitaji tena."

"Najua. Tia."

"Nitie wapi? Hapana nafasi."

Akanionyesha chini, kwenye ukingo mweupe wa karatasi. Nikatia. Aliichukua, akaitazama kwa makini saini yangu ilivyokauka, akaenda kufunga sanduku la kwenda kulizuru kaburi la mama yake.

Mwaka uliofuata aliileta tena, na uliofuata, na kila mwaka mpaka alipostaafu. Sikuuliza tena nitie wapi.